Arthur Griffith, mwanagazeti aliyeiongoza Ayalandi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Arthur Griffith alikuwa nani?

Alikuwa mwanagazeti wa Dublin. Alizaliwa tarehe 31 Machi 1871 na kufariki tarehe 12 Agosti 1922. Ndiye mwanzilishi wa Sinn Féin, ndiye aliyeongoza ujumbe uliotia saini mkataba na Uingereza mwezi Desemba 1921, na mauti yalimkuta akiwa Rais wa Dáil Éireann, bunge ambalo Waayalandi walijiundia wenyewe bila kuiomba London ruhusa.

Watu wengi wanaposimuliwa habari za uhuru wa Ayalandi hukumbuka majina mawili: Michael Collins kwa sababu ya bunduki, na Éamon de Valera kwa sababu alitawala miaka mingi hadi uzeeni. Griffith hakujaliwa kimoja wala kingine. Alikuwa mfupi, mwenye miwani, mkimya hata mbele ya rafiki zake, na jukwaani hakuwa msemaji wa kusisimua umati. Siasa zake zote zilipita kwanza kwenye karatasi. Ukilishika hilo, maisha yake yanaeleweka, na hata namna alivyonaswa inaeleweka.

Alitoka katika familia ya wanasiasa?

La. Baba yake alikuwa mchapaji na nyumbani hali ilikuwa ya kubahatisha. Kijana alisoma katika shule za mabruda wa Kikatoliki, akaacha masomo mapema, akaingia kiwandani kujifunza uchapaji hadi akawa mpangaji herufi. Enzi hizo kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi; ulikiokota kwa vidole, ukakipanga mstarini, na mstari wenyewe uliusoma kinyumenyume. Ninaamini fundi wa namna hiyo hujifunza thamani ya neno kuliko mwandishi aliyezoea kumwaga wino tu, maana kila neno la ziada ni kazi ya mikono yake.

Elimu ya juu aliipata kwa kujisomea, hasa katika Maktaba ya Taifa, barabara ya Kildare. Mwaka 1893 yeye na rafiki yake William Rooney walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha fasihi, Celtic Literary Society, mahali ambapo vijana wa kazi za mikono walisomeana insha za historia na lugha ya Kigaeli. Aliingia pia katika chama cha siri cha Irish Republican Brotherhood, akakiacha mwaka 1910.

Ni kweli aliwahi kuishi Afrika?

Ndiyo, kati ya 1897 na 1898, katika jamhuri ya Makaburu ya Transvaal. Alipewa kuhariri gazeti dogo la mji wa Middelburg, Middelburg Courant. Wasomaji wake walikuwa Waingereza. Yeye akawa anaandika kuwatetea Makaburu na rais wao Paul Kruger. Mwenye kujua biashara ya magazeti atakisia kilichofuata: gazeti likafa. Baada ya hapo alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu Johannesburg, akawa pamoja na Waayalandi wengine wa huko, akiwemo John MacBride, ambaye baadaye alipigana upande wa Makaburu na mwishowe akapigwa risasi na Waingereza mwaka 1916.

Griffith alirudi Dublin mwishoni mwa 1898 akiwa ameshawishika kwamba taifa dogo linaweza kuikazia macho dola kubwa. Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka uliofuata, alikuwa mstari wa mbele kuvipinga kupitia kamati iliyoitwa Irish Transvaal Committee. Lakini taifa dogo alilolihurumia lilikuwa la wazungu waliokalia ardhi ya watu wengine. Mwafrika mwenye ardhi hakuwamo katika hesabu yake. Nitalirudia jambo hili hapo chini, kwa sababu halikuwa la kupitiwa tu.

Na kisa cha kiboko?

Hiki wengi hudhani ni utani, lakini kilitokea. Mwaka 1900 mhariri wa jarida moja la Dublin, Ramsay Colles wa Irish Figaro, aliandika maneno ya kumvunjia heshima Maud Gonne, mwanaharakati ambaye Griffith alimheshimu mno. Griffith alimwendea ofisini na kumchapa kiboko alichorudi nacho kutoka Afrika Kusini. Ni kiboko kilekile tunachokijua sisi, cha ngozi ngumu. Makaburu hukiita sjambok. Mahakama ilimpeleka gerezani wiki mbili. Kwa mtu aliyetumia miaka iliyofuata akihubiri upinzani usio na silaha, huo si mwanzo wa kujivunia, ingawa mashabiki wake hukisimulia kisa hiki huku wakicheka.

Aliendesha magazeti gani?

La kwanza na lenye jina kubwa ni United Irishman, lililotoka Machi 1899, la kila wiki, akiwa na Rooney. Rooney alifariki mwaka 1901, bado kijana, na mzigo ukamwangukia Griffith. Aliandika tahariri, makala na majibu kwa wasomaji, akitumia majina ya bandia ili lionekane lina waandishi wengi; jina mojawapo lilikuwa Cuguan. Mshairi W. B. Yeats naye aliliandikia. Fedha hazikuwapo. Griffith alikataa kazi zenye mshahara mzuri ili abaki na karatasi yake, na ndoa aliichelewesha mpaka Novemba 1910, alipomwoa Maud Sheehan baada ya uchumba wa miaka mingi. Walipata watoto wawili.

Mwaka 1906 kesi ya kashfa ililimaliza United Irishman. Lilipofungwa, akafungua jingine na kuliita Sinn Féin, likadumu hadi serikali ilipolipiga marufuku mwishoni mwa 1914, vita vikiwa vimeanza Ulaya. Kilichofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika maisha yake ya uandishi. Alianzisha gazeti liitwalo Scissors and Paste, yaani Mkasi na Gundi. Ndani yake yeye aliandika kidogo sana. Alikata habari ambazo magazeti mengine, hata ya Uingereza yenyewe, yalikuwa yamekwisha kuchapa, akazibandika kando kwa kando, na msomaji akajionea mwenyewe namna taarifa rasmi zilivyokuwa zikijipinga. Mdhibiti alikuwa na kazi ngumu: angelishitaki vipi gazeti kwa kunukuu maneno aliyoyaruhusu yeye? Halikufika mbali, mwanzoni mwa 1915 lilifungwa pia. Akaja na jingine, Nationality, mwaka huohuo.

Sinn Féin maana yake nini, na wazo lake lilikuwa lipi?

Hutamkwa "Shin Fein", na maana yake ni "sisi wenyewe". Jina hilo lilipendekezwa na Máire Butler, mwanamke mwandishi aliyekuwa karibu na kundi lao; Griffith alilidaka mara moja.

Wazo lenyewe alilitoa Hungaria. Mwaka 1904 alichapa mfululizo wa makala, kisha kijitabu, akieleza jinsi Wahungaria walivyokataa kukaa katika bunge la Vienna, wakashikilia katiba yao ya zamani bila kupigana, hadi mwaka 1867 mfalme wa Austria alipokubali Hungaria iwe na bunge na serikali yake, huku pande mbili zikibaki na mfalme mmoja. Griffith akauliza: kwa nini wabunge wetu wavuke bahari kwenda kupiga kelele London, mahali ambapo daima watazidiwa kura? Warudi Dublin, waunde baraza lao, wananchi waliheshimu, mahakama na kodi zifuate. Utawala wa kigeni utabaki kama duka lisilo na wateja.

Upande wa uchumi alimfuata Mjerumani Friedrich List: nchi changa ilinde viwanda vyake kwa ushuru mpaka viweze kusimama. Mwezi Novemba 1905 alisoma mpango huo wote mbele ya mkutano Dublin, na ndiyo siku ambayo chama huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake.

Wasomaji wa leo hushtuka wakigundua kwamba mwanzilishi wa Sinn Féin hakudai jamhuri. Alikuwa tayari mfalme wa Uingereza awe pia mfalme wa Ayalandi, kama kule Hungaria, ilimradi bunge liwe huru. Yeye binafsi hakumpenda mfalme. Aliona tu kwamba kwa njia hiyo watu wengi zaidi wangeweza kukubaliana. Kumbuka jambo hili tukifika 1921.

Je, alikuwa mbaguzi?

Kuna maandishi, na maandishi hayafutiki. Mwaka 1904, padri mmoja mjini Limerick alipowahubiria waumini wake wawasusie wafanyabiashara wa Kiyahudi, United Irishman liliunga mkono susio hilo. Kabla ya hapo gazeti lilikuwa limechapa makala za chuki katika kesi ya Dreyfus, afisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa uhaini. Wanaomtetea hutaja rafiki zake Wayahudi wa miaka ya baadaye, akiwemo wakili Michael Noyk, na kwamba lugha ile ilififia katika magazeti yake ya mwisho. Hayo ni kweli, ila hayaondoi yaliyochapwa.

Kwa msomaji Mwafrika, lililo zito zaidi ni la 1913. Katika dibaji aliyoiandikia shajara ya gerezani ya John Mitchel, mzalendo wa karne ya 19 aliyehamia Marekani akatetea utumwa, Griffith alisema kwamba Mwayalandi mzalendo hana haja ya kuombewa radhi kwa kukataa kumhesabu mtu mweusi kuwa sawa naye katika haki. Wakati anayaandika hayo alikuwa amekwisha kuishi Afrika na kuwaona watu aliokuwa akiwanyima usawa. Sioni namna ya kulilainisha. Falsafa ya "sisi wenyewe" hutegemea sana nani anahesabiwa ndani ya "sisi", na ya Griffith ilikuwa na mlango mwembamba. Hata wafanyakazi wa Dublin waliogoma mwaka 1913 chini ya James Larkin hawakupata huruma yake.

Alipigana katika Maasi ya Pasaka ya 1916?

Hapana. Alikuwa mwanachama wa Irish Volunteers, jeshi la kujitolea la wazalendo, na mwaka 1914 alikwenda bandari ya Howth kupokea bunduki zilizoingizwa kwa magendo, lakini maasi yenyewe, ya silaha dhidi ya utawala wa Uingereza mjini Dublin, hayakupangwa na chama chake wala yeye hakuyapigania. Ila kwa miaka kumi na zaidi magazeti na polisi walikuwa wamezoea kumwita kila mpinzani "Sinn Féin", kwa hiyo maasi nayo yakabandikwa jina hilo. Serikali ilimkamata na kumfunga, sehemu ya muda huo katika gereza la Reading, Uingereza, hadi Desemba 1916.

Alipotoka alikuta chama chake kidogo, kilichokuwa kimedorora, kimekuwa maarufu kwa tendo lisilo lake. Vijana waliotoka vitani waliingia kwa maelfu. Oktoba 1917 aliachia uenyekiti na kumpisha de Valera, kamanda wa 1916 aliyenusurika kupigwa risasi, yeye akawa makamu. Wanasiasa wangapi wanakiasisi chama, wakakihangaikia miaka 12, kisha wakakikabidhi bila ugomvi?

Alipataje ubunge?

Akiwa kifungoni. Mei 1918 Waingereza waliwakamata viongozi wa Sinn Féin kwa madai ya njama na Ujerumani; mwezi uliofuata wapiga kura wa East Cavan walimchagua katika uchaguzi mdogo. Kwenye uchaguzi mkuu wa Desemba 1918 chama kilitwaa viti 73 kati ya 105 vya Ayalandi, na wabunge wake wakafanya alichokuwa ameandika tangu 1904: hawakwenda London. Tarehe 21 Januari 1919 walikutana Dublin na kuunda Dáil. Majina ya waliokosekana yalipoitwa, jibu kwa wengi lilikuwa kwamba wamefungwa na wageni. Griffith alikuwa mmoja wao.

Aliachiwa Machi mwaka huo. De Valera alipokwenda Marekani kutafuta fedha na kutambuliwa, Griffith alikaimu urais tangu Juni 1919. Mahakama za Dáil zikaanza kusikiliza kesi na halmashauri za mitaa zikahamisha utii wao. Ile ndoto ya duka lisilo na wateja ikawa inaonekana kwa macho. Sambamba na hayo vita vya msituni vilipamba moto chini ya Collins. Novemba 1920 Griffith alikamatwa tena, akakaa gereza la Mountjoy, Dublin, mpaka mwisho wa Juni 1921. Siku chache baadaye, tarehe 11 Julai, mapigano yalisitishwa.

Kwa nini alitia saini mkataba wa 1921?

De Valera alikataa kwenda London akamtuma Griffith awe kiongozi wa ujumbe, pamoja na Collins, Robert Barton, Eamonn Duggan na George Gavan Duffy. Upande wa pili wa meza walikaa Waziri Mkuu David Lloyd George, Winston Churchill, Lord Birkenhead na Austen Chamberlain. Mazungumzo yalianza tarehe 11 Oktoba.

Mkakati wa Waayalandi ulikuwa huu: kama mazungumzo yatavunjika, yavunjike kwa suala la Ulster, kule kaskazini ambako kaunti sita zilikwisha kutengwa kwa sheria ya 1920. Dunia ingewaelewa kwa kukataa nchi yao igawanywe, kuliko kwa kukataa kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza. Lloyd George aliliona hilo. Novemba alimwambia Griffith kwamba anataka kuwashinikiza viongozi wa kaskazini kwa kupendekeza tume ya mipaka, na akamwomba asimwangushe katikati ya kazi hiyo. Griffith alikubali. Maneno yaliwekwa kwenye karatasi, akaonyeshwa, akaafiki, na kwa jinsi inavyoonekana hakulipa jambo hilo uzito mkubwa. Wenzake hawakujua walivyofungwa.

Tarehe 3 Desemba alikuwa Dublin, na mbele ya baraza la mawaziri aliahidi kutotia saini kabla ya kulirudishia Dáil. Tarehe 5 Desemba jioni, London, alipojaribu kuusogeza mjadala kwenye Ulster, Lloyd George alitoa ile karatasi na kumuuliza kama atavunja ahadi. Griffith alijibu kwamba hakuwahi kumwangusha mtu kwa namna hiyo na hataanza leo. Akasema atatia saini, hata akiwa peke yake. Ndipo Lloyd George akawageukia wengine na kitisho chake: wote watie saini usiku huohuo, la sivyo ni vita ndani ya siku tatu.

Ilipita saa nane usiku, tarehe 6 Desemba, wakatia saini.

Ninapolitazama tukio hili naona mhariri aliyenaswa na kile alichokiheshimu kuliko vyote, neno lililoandikwa. Collins, aliyeishi kwa siri na kubadili malazi kila usiku, pengine angelitupilia mbali karatasi ile. Lakini si haki kusema Griffith alilaghaiwa tu. Mkataba ulimpa bunge, serikali, jeshi, mamlaka ya kodi na ushuru. Ulimwachia mfalme wa jina na kiapo. Kwa mtu wa 1904 hayo yalikuwa zaidi ya Hungaria. Waliokufa kwa ajili ya jamhuri baada ya 1916 hawakuwa wamesoma kijitabu chake kwa jicho hilo.

Kisha alikuwa rais wa nchi?

Cheo kilikuwa Rais wa Dáil Éireann. Dáil liliupitisha mkataba tarehe 7 Januari 1922 kwa kura 64 dhidi ya 57; de Valera akajiuzulu, na tarehe 10 Griffith akachaguliwa. Wakati huohuo Collins aliongoza Serikali ya Muda iliyokabidhiwa madaraka na Waingereza. Serikali mbili, watu wengi walewale ndani yake. Urais wa jamhuri kama tunavyouelewa leo haukuwapo.

Alikufaje?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza tarehe 28 Juni 1922, jeshi la serikali lilipoipiga kwa mizinga Four Courts, majengo ya mahakama yaliyokaliwa na wapinzani wa mkataba. Griffith alikuwa amechoka kupita kiasi. Mwezi Agosti alilazwa katika nyumba ya matibabu, barabara ya Leeson, kwa ugonjwa wa mafindofindo, lakini aliendelea kwenda kazini kila alipopata nafuu. Asubuhi ya tarehe 12 alikuwa anatoka. Aliinama kufunga kamba ya kiatu, akaanguka. Ilikuwa damu iliyovuja kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 51.

Collins alitembea nyuma ya jeneza lake hadi makaburi ya Glasnevin tarehe 16. Siku sita baadaye naye aliuawa kwa kuviziwa Béal na Bláth, kaunti ya Cork. W. T. Cosgrave ndiye aliyeshika uongozi.

Sinn Féin ya leo ndiyo chama chake?

Jina ndilo lile, wenyewe wamebadilika. Chama kilipasuka kwa sababu ya mkataba. Mwaka 1926 de Valera alijitoa kuanzisha Fianna Fáil. Mwaka 1970 kulikuwa na mpasuko mwingine ambamo ndimo kilimotoka chama cha sasa. Upande wa Griffith wa mkataba ulirithiwa na Cumann na nGaedheal, halafu Fine Gael. Hata hivyo wabunge wa Sinn Féin wanaochaguliwa kutoka Ireland Kaskazini hadi leo hawakai katika bunge la London. Hiyo ni tabia waliyoachiwa naye.

Kuna Waayalandi wengine waliotoka gazetini wakaingia siasa?

Wapo wengi. T. P. O'Connor wa Athlone alianzisha gazeti la jioni The Star jijini London mwaka 1888 na akawa mbunge wa Liverpool tangu 1885 hadi kifo chake 1929, akichaguliwa na Waayalandi waliohamia huko. Katika siku zetu, George Lee, mhariri wa habari za uchumi wa RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, alishinda uchaguzi mdogo wa Dublin South Juni 2009 na kujiuzulu Februari 2010. Conor Cruise O'Brien, ambaye wazee wa Kongo wanaweza kumkumbuka kama mwakilishi wa Umoja wa Mataifa Katanga mwaka 1961, alipita njia hiyo kinyume: waziri kwanza, halafu mhariri mkuu wa The Observer.

Nikifika Dublin nitaona nini chake?

Ipo Griffith Avenue, barabara ndefu yenye miti upande wa kaskazini wa jiji, na kaburi lake Glasnevin. Kwenye uwanja wa nyasi wa Leinster House, liliko bunge, unasimama mnara wa kumbukumbu yake, Collins na Kevin O'Higgins, waziri wa upande wa mkataba. Jengo la bunge likikupa mgongo, ukizunguka upande wa pili, barabara ya Kildare, utafika Maktaba ya Taifa, alikokuwa akijisomea jioni baada ya kutoka kiwandani.